SOMO LA ROBO HII: RUFAA YA MFUNGWA, SIKU KUMI ZISIPOTEE



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kamati nyingi hulikwepa: nini kifanyike pale ndugu wa muumini anapohukumiwa kifungo kirefu kwa kosa la kusafirisha dawa za kulevya, au kukutwa na bunduki isiyo na leseni, au yote mawili kwa pamoja. Tumeliandika tukiwafikiria hasa wenzetu wa vijiji vya kando ya Reli ya Kati, kama Goweko katika Wilaya ya Uyui. Huko familia hupata habari ya hukumu kwa simu ya mtu wa tatu. Wakifika mjini Tabora, ndugu yao ameshavuka lango la Gereza la Uyui.

Tunajua swali litakalotangulia, kwa kuwa hutolewa kila tunapoligusa jambo hili: kwa nini fedha ya sadaka imsaidie muuza dawa za kulevya? Swali hili ni halali, na jibu letu ni kwamba hatuombi mtu yeyote atoke gerezani kwa huruma. Rufaa ni sehemu ya kesi, kama ulivyo ushahidi wa shahidi wa kwanza. Mtume Paulo, alipoona shauri lake linapindishwa mbele ya liwali Festo, alidai rufani kwa Kaisari kwa kuwa alikuwa raia wa Rumi na sheria ilimruhusu. Hakutoroka, wala hakutafuta mtu wa kumpa kitu kidogo. Habari yake imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 25, na inafaa isomwe na kamati kabla ya kuendelea na somo hili.

NJIA YA ZAMANI, MIZIGO YA LEO

Goweko ni stesheni ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912, na reli hiyo kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe na Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani. Bunduki, baruti na nguo zilikuja bara. Mtemi Mirambo alijenga nguvu yake kwa bunduki hizo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani Januari 1893, ghala la baruti lililipuliwa ndani ya ngome yake. Kabla ya hapo, mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yameshakubaliana mjini Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Basi udhibiti wa silaha katika njia hii si jambo la jana.

Miaka ya 1990, vita vya Burundi, Rwanda na Kongo vilisukuma silaha nyingi kuvuka mpaka wa magharibi, na nchi za eneo letu zikatia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kupambana na silaha ndogondogo. Aidha, katika misitu ya miombo gobori la mwindaji bado lipo, mara nyingi limerithiwa kwa babu na halina karatasi hata moja. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha, kama ilivyokuwa mwaka 2022. Mwenye gobori la urithi aliyekaa kimya wakati huo anaweza leo kujikuta anashtakiwa kama jambazi.

UZITO WA SHERIA

Sheria ya zamani ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015. Chini ya sheria hii kusafirisha dawa za kulevya kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliweka ngazi ya chini yake, ya miaka 30, kwa kiasi kidogo. Kwa dawa kama heroini mpaka wake ni gramu 200. Neno "kusafirisha" katika sheria hii ni pana kuliko tunavyolitumia nyumbani. Si lazima mtu awe amekamatwa ndani ya treni akiwa na begi. Kuhifadhi, kuuza na kugawa navyo vimo.

Silaha zina sheria yake, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Zaidi ya hapo, makosa ya silaha na ya dawa za kulevya yamewekwa katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi. Jambo hili linaonekana kama la wanasheria peke yao, lakini ndilo lililobadilisha hatima ya wafungwa wengi, na tutalirudia hapo chini.

Misamaha ya Rais inayotolewa siku za kitaifa kwa kawaida huwaacha nje waliofungwa kwa dawa za kulevya. Kwa hiyo familia inayosema "tusubiri tarehe 9 Desemba" mara nyingi inasubiri kitu ambacho hakitamfikia ndugu yao. Mlango wake ni rufaa, na mlango huo una saa.

SIKU 10, SIKU 45, SIKU 30

Hapa tunaomba katibu wa kamati achukue kalamu.

Kwanza uliza: ni mahakama gani iliyotoa hukumu? Ikiwa ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake mjini Tabora. Mfungwa anatakiwa atoe notisi, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu. Kisha hati yenyewe ya rufaa, yenye sababu zake, iwasilishwe ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri na ya hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Siku 10 za notisi hazina nafuu hiyo, kwa kuwa notisi haihitaji nakala yoyote. Ni karatasi moja inayosema: mimi fulani, niliyehukumiwa siku fulani katika shauri namba fulani, sijaridhika na nakusudia kukata rufaa.

Ikiwa kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu yenyewe, pamoja na ile Divisheni yake ya Rushwa na Uhujumu Uchumi iliyoanzishwa mwaka 2016, basi rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Notisi ya huko ni ndani ya siku 30. Mahakama hii hufanya vikao vyake mikoani, Tabora ikiwamo, na majaji 3 huketi pamoja. Hata yule aliyeshindwa rufaa yake Mahakama Kuu anaweza kupanda huko kwa mara ya pili.

Mfungwa hahitaji kutoka gerezani ili afanye haya. Sheria inamruhusu kukabidhi karatasi zake kwa Mkuu wa Gereza, ambaye wajibu wake ni kuzipeleka mahakamani. Muhimu ni tarehe aliyozikabidhi, na karatasi igongwe muhuri wa gereza siku hiyohiyo. Ndugu anayekwenda kumwona amuulize maneno mawili tu: umetoa notisi? Lini? Ajibu kwa tarehe, siyo kwa "nadhani".

Na muda ukiwa umeshapita? Mahakama inaweza kuongeza muda ikipewa sababu ya msingi. Kuchelewa kupewa nakala, kuhamishwa gereza, au kuugua kwa muda mrefu ni sababu zinazoweza kusikilizwa zikiwa na uthibitisho wa maandishi. "Familia ilikuwa haina habari" pekee ni sababu dhaifu.

KINACHOTAZAMWA NA MAJAJI

Watu wengi hudhani rufaa ni kwenda kulia mbele ya mkubwa zaidi. Sababu zinazoandikwa kwa mkono magerezani mara nyingi hueleza kwamba mfungwa ni yatima, ana watoto wanne, na mama yake haoni. Haya ni ya kweli na yanaumiza, na yanaweza kugusa kiasi cha adhabu pale ambapo sheria inamwachia hakimu nafasi ya kupima. Hayagusi swali la kama kosa lilithibitishwa bila kuacha shaka. Mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia upya ushahidi wote ulioandikwa na kufikia maoni yake yenyewe. Kwa hiyo kazi ya mwenye kuandika sababu ni kuwaonyesha majaji mahali pa kutazama.

Tuchukue mfano wa kubuni ili somo lieleweke. Kijana amekamatwa usiku karibu na stesheni ya Goweko. Polisi wanasema begi lililokuwa miguuni pake lilikuwa na majani yanayodhaniwa kuwa bhangi, na walipofika nyumbani kwake wakakuta bunduki darini. Akahukumiwa miaka 30 kwa la kwanza na miaka 20 kwa la pili.

Swali la kwanza ni upekuzi. Je, kulikuwa na hati ya upekuzi, au dharura ya kweli iliyoruhusu kupekua bila hati? Je, vilivyochukuliwa viliandikwa kwenye hati ya ukamataji, ikasainiwa na mwenye nyumba na mashahidi? Kama alikuwapo shahidi huru, kwa mfano balozi au mwenyekiti wa kitongoji, je, aliitwa mahakamani? Usiku wa saa nane, askari watatu na mtuhumiwa peke yao, bila jirani hata mmoja aliyeamshwa: hapo pana jambo la kuuliza.

Pili ni safari ya begi lile. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba lazima pawepo na kumbukumbu za maandishi, zenye mfuatano, zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, nani alimkabidhi nani, kilivyopimwa na kilivyofika mahakamani. Begi lilitoka Goweko likaenda kituo cha polisi, kisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha likarudi. Kila mkono uliolipokea uwe umesaini. Kama askari anasema lilikuwa na kilo 12 na taarifa ya mkemia inasema 9, au kama hajulikani aliyelitunza kwa wiki tatu, majaji watataka kujua kama kilichopimwa ndicho kilichokamatwa.

Tusiwadanganye ndugu zetu lakini. Hukumu za baadaye zimesema si kila pengo katika mnyororo huo linaua kesi. Kitu ambacho ni vigumu kubadilishwa, kama bunduki yenye namba iliyoandikwa siku ya kwanza, kinaweza kukubaliwa hata kama karatasi zina mapengo. Majani na unga ni rahisi kubadilishwa, na kwa hivyo majaji huwa wakali zaidi hapo. Katika mfano wetu, kijana anaweza kushinda kwa begi akashindwa kwa bunduki.

Tatu ni maelezo ya onyo. Mtuhumiwa anatakiwa ahojiwe ndani ya saa 4 tangu kukamatwa, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya tatu yanaweza kuondolewa katika ushahidi. Nne, na hili huwashangaza wengi, ni kusomwa kwa hati. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2003 imesisitizwa kwamba hati ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti, mshtakiwa asikie kilichomo. Ambayo haikusomwa huondolewa. Taarifa ya mkemia ikiondolewa kwa sababu hiyo, mara nyingine hakuna kinachobaki cha kuthibitisha kwamba majani yale ni bhangi.

Tano ni lile la uhujumu uchumi tulilolitaja. Kesi ya namna hii haiwezi kuanza kusikilizwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na mahakama ya chini haiwezi kuisikiliza bila hati inayoipa mamlaka hayo. Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi kwa kukosekana au kukosewa kwa hati hizi. Mwenye kusoma mwenendo wa shauri azitafute kurasa za mwanzo kabla ya kusoma lolote jingine.

Na kama kijana alikiri kosa mbele ya hakimu, mlango unakuwa mwembamba: kwa kawaida anaweza kukata rufaa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Hii ndiyo sababu tunaziomba kamati ziwaonye vijana wasidanganywe na anayesema "kiri tu yaishe". Miaka 30 haiishi upesi.

RUFAA NAYO INA HATARI

Mahakama Kuu inaweza kufuta hukumu na kumwachia mtu huru. Inaweza pia kubadilisha kosa, kupunguza adhabu, kuitupa rufaa, au kuongeza adhabu. Familia iambiwe hilo mapema. Vilevile kesi ikifutwa kwa kasoro ya utaratibu, mfungwa anaweza kuamriwa kushtakiwa upya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka msingi mwaka 1966 kwamba kesi isirudiwe ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Msingi huo unafuatwa hadi leo, na mwenye rufaa ana haki ya kuukumbusha.

Adhabu zenyewe zitazamwe pia. Katika mfano wetu, je, hakimu aliamuru miaka 30 na miaka 20 ziende pamoja, au moja ianze baada ya nyingine? Tofauti yake ni miaka 20 ya maisha ya mtu, na mara nyingine imo katika mstari mmoja wa mwisho wa hukumu ambao hakuna aliyeusoma. Hukumu nyingi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza, na mfungwa aliweka sahihi ya kupokea karatasi asiyoielewa. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ni neema kubwa, ila mwenye hukumu ya zamani bado atahitaji wa kumsomea.

Baada ya Mahakama ya Rufani hakuna ngazi nyingine ya rufaa. Kuna maombi ya mapitio, ndani ya siku 60, kwa sababu chache sana kama kosa lililo wazi katika kumbukumbu au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Zamani baadhi ya wafungwa walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama hiyo iliona kwamba Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha alikiukiwa haki zake, mojawapo ikiwa kutopewa msaada wa wakili bila malipo. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 njia hiyo imefungwa kwa mashauri mapya. Yeyote anayechukua fedha ya mama mjane leo kwa ahadi ya "kumpeleka Arusha" anamdanganya.

FEDHA YA PAROKIA IENDE WAPI

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini wanaweza kuelekeza na kusaidia kuandaa nyaraka, na ndiyo hasa inayokosekana katika siku zile 10. Hakimu au jaji naye anaweza kuona kwamba haki inadai mshtakiwa apewe wakili, na mfungwa anaweza kuomba hilo kwa maandishi.

Kwa hiyo mchango wa parokia usiende kwa vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakisema wanamjua karani. Uende kwenye nauli ya ndugu mmoja kutoka Goweko hadi mjini ndani ya wiki ya kwanza, kwenye kudurufu mwenendo wa shauri, na inapowezekana kwenye ada ya wakili wa kusoma kurasa hizo na kuandika sababu, dhidi ya stakabadhi. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Kijana wa kwaya mwenye simu nzuri anaweza kutafuta humo rufaa zinazofanana na ya ndugu yenu, na wakili atamshukuru.

Wahisani wengine wametuuliza kuhusu Watanzania waliofungwa nje. Padri John Wotherspoon, anayewahudumia wafungwa Hong Kong, alianza mwaka 2013 kusambaza barua za wafungwa wa Kiafrika, Watanzania wakiwamo, wakiwasihi ndugu zao wasikubali kubeba dawa. Barua hizo zinafaa kusomwa kwa vijana wa kipaimara. Rufaa za huko hufuata sheria za huko, na familia ianzie Wizara ya Mambo ya Nje badala ya mtu aliyemsafirisha kijana wao.

Kwa kikao chenu kijacho tunapendekeza maswali machache. Katika kigango chenu, ni familia ngapi zina ndugu gerezani, na nani kati yao anayo namba ya shauri? Nani ataweza kupanda treni kesho asubuhi mmoja wao akihukumiwa leo? Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa aliye karibu nanyi ni nani, na namba yake ya simu imeandikwa wapi? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, chini ya ratiba ya ibada.